Jibu la mtaalamu: Mistari myekundu kwenye magamba ya chaza wa Kimberley

Swali: "Asalaam aleikum. Mimi ni fundi wa hereni na vidani vya magamba ya chaza huku Fumba, Unguja. Mgeni mmoja alinionyesha kwenye simu picha ya gamba kubwa jeupe kutoka Australia, limechorwa mistari myekundu inayokunjana kona kwa kona, na juu lina tundu la kupitishia kamba. Akasema ni hirizi ya Waaborijini na kila mstari una maana yake. Ni kweli? Mistari hiyo inasema nini? Kuna ubaya nikiichora kwenye kazi zangu za kuuza? Nimeona pia mtu anauza moja mtandaoni, nikawaza kulinunua liwe sampuli yangu."

Waaleikum salaam, dada.

Nianze na lile unalolihitaji leo kazini: mistari hiyo usiichore kwenye kazi za kuuza. Sababu nitakupa, ila hazitakuingia vizuri kabla hujajua kitu chenyewe ni nini, na huyo mgeni wako amekupa nusu ya habari, tena nusu iliyopinda.

Ulichoonyeshwa, kwa maelezo yako, ni riji. Ndivyo wanavyoliita Wabardi na Wajawi, watu wa bahari wanaoishi kwenye ncha ya Rasi ya Dampier na visiwa vya jirani, kaskazini ya mji wa Broome, katika eneo la Kimberley, Australia Magharibi. Ukiingia bara kuelekea jangwani utasikia likiitwa jakuli. Nayataja majina ya watu na mahali kwa makusudi, maana neno "Waaborijini", yaani wenyeji wa asili wa Australia, linameza mengi. Waingereza walipoanza kuhamia Australia mwaka 1788, bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250, na wengi wa wenye lugha hizo hawakuwahi kuchora gamba hata moja. Wako waliolivaa bila kulichora, na wako ambao halikuwafikia kabisa.

Gamba ni la Pinctada maxima, chaza wa lulu mkubwa kuliko wote duniani. Chaza wa lulu mnayemfuga huko Fumba ni jamaa yake, ila huyu wa Kimberley hupita sentimita 20 kwa upana, na lulumizi yake, yaani ule utando wa ndani unaong'aa, ni nyeupe ya fedha, mara nyingine yenye ukingo wa dhahabu. Wabardi na Wajawi walimwokota kwenye miamba wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Bamvua ya Unguja unaijua wewe kuliko mimi, lakini ya kule ni ya namna nyingine: maji ya King Sound, ghuba ya huko, hupanda na kushuka zaidi ya mita 10, na mikondo inayopita kati ya visiwa imewameza wengi. Watu walivuka kwa vyelezo vya magogo ya mikoko, wakingoja saa ambayo mkondo utawapeleka wanakokwenda badala ya kuwapeleka unakotaka wenyewe. Asiyejua majira ya maji hakufika kwenye mwamba, na akifika hakurudi.

Likishapatikana, gamba lilisuguliwa nje mpaka magaga yake yote yaondoke, likatobolewa tundu upande wa juu. Hapo linaitwa guan, yaani gamba tupu, na hata likiwa tupu hivyo ni kitu cha heshima, linavaliwa na linabadilishwa. Likichorwa ndipo linakuwa riji. Fundi huchimba mistari kwenye uso wa ndani, kisha husugua ngeu, yaani udongo mwekundu, iliyochanganywa na mafuta, halafu anafuta. Rangi inabaki ndani ya mifereji tu, na lulumizi inabaki safi. Wengine walitumia masizi ya mkaa badala ya ngeu. Kamba yake ni ugwe uliosokotwa kwa nywele za binadamu, na mwanamume huvaa gamba likining'inia mbele chini ya kitovu kutoka kwenye mshipi wa nywele hizo hizo.

Sasa, vibao vya makumbusho mengi huandika hapo "kifuniko cha sehemu za siri" na kuishia hapo. Kibao hakisemi uongo, lakini kimemwacha msomaji akidhani hawa ni watu waliokosa nguo wakajifunika kwa kombe. Kwa Wabardi na Wajawi, riji ni ya mwanamume aliyepita jandoni. Kijana hupewa na wazee anapopanda hatua za jando, naye huivaa kwenye ngoma na ibada mbele ya watu wanaojua ina maana gani kwa kijana yule kuvaa kitu kile siku ile. Umri peke yake haumpi mtu riji, na hakuna duka la kuinunua kwa ajili hiyo. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya jibu lako ni hii: gamba linamweleza mvaaji, linasema ni nani na amefikia wapi katika sheria ya watu wake.

Sehemu ya pili ndiyo mimi naiona kubwa zaidi, na ndiyo inayosahaulika kwa sababu macho yetu yanavutwa na mistari myekundu. Nguvu ya gamba iko kwenye mng'ao wake. Mistari imekuja baadaye.

Shika gamba lako lolote la lulumizi uligeuzegeuze kwenye jua. Unaona jinsi mwanga unavyotembea, hautulii mahali pamoja? Kwa watu wa Kimberley na wa majangwa yaliyo nyuma yake, mwanga huo ni maji. Ni uso wa bahari na wa kisima, na ni umeme unaomulika kabla mvua haijashuka. Wabardi na Wajawi husimulia habari za Aalingoon, Nyoka wa Upinde wa Mvua, anayelala chini ya bahari, na magamba ya chaza ni magamba ya mwili wake yaliyodondoka. Fundi mashuhuri wa riji, Aubrey Tigan, aliyekuwa mzee wa Kijawi, aliwaeleza hivyo hadharani watu waliokuja kutazama kazi zake. Ukilijua hilo utafahamu kwa nini gamba tupu lilikuwa na thamani: ni kipande cha mwenye maji.

Sasa lipeleke gamba hilo jangwani. Kuanzia mto Fitzroy ukienda kusini na mashariki unaingia Jangwa Kuu la Mchanga na Jangwa la Tanami, nchi ambayo uhai wa mtu ulitegemea kujua kisima kimoja kiko wapi na kingine kiko siku ngapi mbele yake. Watu wa huko, wengi wao wasiowahi kuiona bahari, walipokea gamba kutoka kwa majirani wa upande wa pwani, nao walikwishalipokea kutoka kwa majirani zao. Mikononi mwa waleta mvua wa Wawalmajarri na majirani zao gamba liliingia katika ibada za kuita mawingu: walilikwangua likatoa unga, na unga huo ulikuwa na kazi yake ndani ya ibada. Lilitumika pia katika uganga wa kumrudishia mgonjwa nguvu.

Na mapenzi hayakusahaulika. Baldwin Spencer na Frank Gillen, walioandika mwishoni mwa karne ya 19 kuhusu Waarrernte wa katikati ya Australia, walieleza jinsi mwanamume alivyoliimbia gamba mpaka umeme uingie ndani yake, kisha akalivaa kwenye ngoma. Mwanamke aliyekusudiwa aliuona ule umeme ukimulika yeye peke yake kati ya wote waliohudhuria, na moyo wake ukamhama. (Waandishi wale walikuwa watu wa zama zao na mengi waliyoyaandika yanasomwa leo kwa tahadhari, lakini hili la umeme na maji linakubaliana na yale yanayosemwa na wenyewe kutoka pembe nyingine za nchi.)

Safari ya magamba haya inashangaza hata anayeijua. Yamekutwa kwa Wawarlpiri wa Yuendumu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Broome, umbali kama wa Mombasa na Kigali. Yamefika mpaka kusini, kwenye Ghuba Kuu ya Australia, yaani yametoka bahari moja, yakakata bara zima, yakatokea bahari nyingine. Hakuna mtu mmoja aliyeyabeba njia yote. Gamba lilipita mkono kwa mkono kati ya watu waliokuwa na wajibu wa kupeana, ndugu wa ndoa, washirika wa ibada, wazee wa visima vya jirani. Katika sehemu za Kimberley utaratibu huo unaitwa wunan, na ukiuita "biashara" utakuwa umeupunguza. Kwa upande mmoja yalikwenda magamba, kwa upande wa pili zilikuja ngao, bumerangi, ngeu na vichwa vya mikuki vya mawe. Na pamoja na vitu zilisafiri nyimbo na ngoma zenyewe. Mtu aliyepokea bila kutoa alivunja uhusiano uliojengwa na babu zake. Ndiyo maana gamba moja lingeweza kuwa alama ya jando pwani na kuwa mvua jangwani, bila yeyote kuona kuna mgongano. Mengine yaliondoka pwani yakiwa matupu, yakachorwa huko huko bara kwa mkono wa watu wengine na kwa mtindo wao.

Ukongwe wa jambo hili nao si wa kubahatisha. Wanaakiolojia wamekuta vipande vya gamba la chaza huyu katika mapango ya pwani ya Kimberley, katika tabaka za takriban miaka 20,000 iliyopita. Wakati huo bahari ilikuwa chini sana kuliko leo na ufuko ulikuwa mbali na mapango hayo, kwa hiyo mtu alilibeba gamba kulileta pale, na hakulibeba kwa ajili ya nyama iliyokwisha kuliwa. Hapo pana watu wanaoruka na kusema riji ina miaka 20,000. Hapana. Kipande cha gamba kinathibitisha kwamba gamba lilibebwa, basi. Michoro tunayoiona makumbusho, sehemu kubwa ni ya mwisho wa karne ya 19 na ya karne ya 20.

Na kipindi hicho cha michoro mingi ndicho kipindi cha machungu. Kuanzia miaka ya 1860 wazungu walianza kuvuna chaza pwani ya Australia Magharibi. Hawakuwa wanafuata lulu hasa, walifuata lulumizi, maana dunia nzima ilitaka vifungo vya shati. Kazi ya kupiga mbizi waliitupia wenyeji. Watu walikamatwa bara kwa nguvu, wakapelekwa pwani, wakazamishwa bila kifaa chochote, wanawake wakiwemo, na wajawazito pia. Mambo yalifikia pabaya kiasi kwamba katika miaka ya 1870 serikali ya koloni ililazimika kutunga sheria za kuwazuia wenye mashua wasiwatumie wanawake kupiga mbizi. Mji wa Broome ulitangazwa rasmi mwaka 1883. Vazi la mbizi lenye kofia ya shaba lilipokuja, kazi ya chini ya maji ilihamia kwa Wajapani, Wamalay na watu wa Timor, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Broome ilikuwa na mashua zipatazo 400 na inatoa sehemu kubwa ya lulumizi ya dunia. Vifungo vya plastiki ndivyo vilivyoiua biashara hiyo katika miaka ya 1950, ndipo wakageukia lulu za kufuga, shamba la kwanza likianzishwa Kuri Bay, pwani ya Kimberley, mwaka 1956. Sisi wa pwani hii tusiione habari hii kuwa ya mbali sana: katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, watu wengi waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki waliishia kupiga mbizi za lulu katika Ghuba ya Uajemi, na mali ya jasho lao ikaishia kwa wengine.

Jambo la ajabu ni kwamba katikati ya dhuluma hiyo uchoraji wa riji haukufa. Magamba yalipatikana kwa wingi kuliko zamani, na vyuma vya kuchoria vikaingia: misumari, tupa zilizochongwa upya, bisibisi. Mafundi wakaanza pia kuchora picha, wanyama, watu, mashua, mara nyingi kwa ajili ya kuwauzia wageni. Bingwa wa mtindo huo alikuwa Butcher Joe Nangan, mzee wa Kinyikina aliyefariki mwaka 1989, aliyechora kwenye magamba na kwenye matunda ya mbuyu wa kule viumbe vya simulizi za nchi yake. Kwa hiyo tangu zamani wenyewe walitenganisha kitu cha kuuza na kitu kisichouzwa. Tofauti hiyo iweke akilini, tutairudia.

Sasa mistari. Ile inayokunjana kona kwa kona na kuingiliana ndiyo sahihi ya Wabardi na Wajawi. Najua unachotaka: nikuambie mkunjo huu ni wimbi, ule ni samaki, wa tatu ni njia ya mababu. Waongoza watalii hukueleza hivyo kwa raha zao. Mafundi wenyewe wanapozungumza hadharani husema mistari inahusu maji, mwendo wa bamvua na mikondo, na pale wanapofika mahali fulani hunyamaza, kwa sababu kinachofuata ni habari za wanaume waliopita jandoni. Riji haisomwi kama kanga, kwamba ukiinama ukasoma jina lake umeshapata ujumbe. Anayejua amefundishwa na mtu mwenye haki ya kufundisha, mahali panaporuhusiwa. Hata mimi niliyeshughulika na vitu hivi kwa miaka ninakomea mlangoni, na sioni kama ni upungufu wa utafiti. Baadhi ya makumbusho yameondoa vipande fulani kwenye maonyesho baada ya wazee kuomba, na kuna ambavyo vimerudishwa kabisa kwa wenyewe: mwaka 2019 makumbusho ya jimbo la Illinois, Marekani, yalirudisha Australia vitu 42 vya ibada na vya heshima, vya Wabardi na Wajawi na vya Waaranda (jina lao huandikwa pia Waarrernte).

Neno la mgeni wako, hirizi, nalo linapotosha. Hirizi huvaliwa na yeyote aliyeinunua ikamkinga. Riji bila jando, bila nchi na bila watu waliokupa, kwa mtazamo wa wenyewe, ni gamba lililokwaruzwa.

Hapo ndipo penye jibu la kuiga. Utauliza, mistari iko wazi, kila mtu ameiona, nani atajua Fumba? Pengine hakuna. Lakini haki ya kuchora mchoro fulani kule ni ya familia na ya mahali, kama ilivyo haki ya kuvua kwenye mwamba fulani. Mahakama ya Australia yenyewe ilikubali mwaka 2005 haki za jadi za Wabardi na Wajawi juu ya nchi yao, na mafundi wao wanaishi kwa kazi hiyo leo, Ardyaloon, Djarindjin na Broome. Bidhaa bandia zinawaumiza kweli kweli: uchunguzi wa tume ya serikali mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya fedha zinazotumika kununua vitu vya ukumbusho vyenye sura ya Kiaborijini zinakwenda kwa bidhaa zisizotengenezwa na wenyewe. Tena wewe hujui mchoro upi kwenye picha ile ni wa kuuzwa na upi haukupaswa kupigwa picha kabisa. Mimi pia kwa picha ya simu siwezi kukuhakikishia.

Ufundi, hata hivyo, hauna mwenyewe. Kuchimba mfereji na kujaza rangi ndani yake ni mbinu ya duniani kote, ichukue. Tumia ngeu au masizi, changanya na mafuta mazito, sugua kwa kidole, ngoja ishike, futa kwa kitambaa kikavu. Zingatia kwamba gamba lako ni jembamba kuliko lile la Kimberley, basi mfereji uwe wa kina kidogo, la sivyo litapasuka kwenye kona. Vaa kitambaa puani unapokwangua, vumbi la gamba ni baya kwa mapafu. Mwagia maji kila mara. Na michoro unayo tele mtaani kwako: milango ya Mji Mkongwe, michoro ya piko ya bibi harusi, mishono ya kofia, ukili wa mikeka. Mtalii aliyetoka Perth, Australia, hatanunua riji ya Fumba akiwa na akili yake, lakini ua la mlango wa Unguja kwenye lulumizi ya Unguja halipati popote pengine.

Kuhusu lile linalouzwa mtandaoni. Kama ni kazi mpya, muuzaji anapaswa kukupa jina la fundi, watu wake, na mahali ilipotengenezwa; mara nyingi hutoka kwenye kituo cha sanaa kinachoendeshwa na jamii yenyewe, na huja na cheti. Hiyo inunue bila wasiwasi ikiwa mfuko unaruhusu, uitazame na uifurahie. Kama ni la zamani, mambo ni mazito: Australia ina sheria ya mwaka 1986 ya kulinda urithi unaohamishika, na vitu vya aina hii vinahitaji kibali kabla ya kutolewa nje ya nchi hiyo. Mwombe muuzaji kibali. Muulize pia lilitoka kwa nani na mwaka gani. Akijibu kwamba ni "la kikabila, la kale, lina nguvu", na jina la mtu hana, usimtumie hata shilingi.